Usiulize Mji Mzuri, Uliza Basi Linalala Wapi

Nina ugomvi na wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi, na nauleta hapa hadharani kwa sababu kikaoni nilizomewa. Tulipanga kuzunguka mkoa wa Tanga siku saba, kila mtu arudi na hadithi moja. Safari ikafa. Sababu? Eti hatuna gari! Bila gari, wakasema, utaishia kuona stendi tu.

Jamani! Ndo maana vijiji vya hadithi zetu vyote vina mwembe mmoja, na chini yake mzee yule yule mmoja. Tunaviandikia Dar, kitandani. Na huyo mwenye gari anatuzidi nini? Anapita Segera vioo vimefungwa, anasimama penye soda baridi, jioni anasema ameuona mkoa.

Sikatai, safari ya mtu wa miguu huharibika. Yangu ya kwanza iliharibika, na kosa lilikuwa langu: niliuchagua mji kwa sura. Nilikuwa nimeona picha ya Lushoto kwenye kalenda, basi nikaenda kukaa Lushoto. Mji mzuri, asikudanganye mtu. Baridi tamu, matunda bwerere, na Irente unakwenda kwa miguu yako. Lakini uko juu, mwisho wa kilomita 33 za kona kutoka Mombo. Kila nikitaka kwenda kwingine, sharti nishuke Mombo kwanza, nisimame kando ya barabara kuu nikipungia mabasi yaliyokwisha kujaa. Kati ya siku sita, nne nilizimalizia vitini. Ukikaa Pangani nako ni yale yale, kwani bahari ndiyo mwisho wa njia. Mtu anayetaka Lushoto tu akae Lushoto, mie sina neno naye. Nasema na anayetaka mkoa.

Anayetaka mkoa akae njia panda, hata kama njia panda hiyo haina sura ya kalenda. Mie nasema Muheza. Mnacheka? Kutoka Muheza mpaka Tanga mjini ni kilomita kama 35, na magari hayakauki mchana kutwa. Ukifika Tanga, kaskazini una mapango ya Amboni; kusini una magofu ya Tongoni na Vibambani, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Kutoka Muheza hiyo hiyo ipo njia ya kuteremka Pangani, aliponyongwa Bushiri bin Salim Desemba 1889, na ambako Shaaban Robert huyo huyo alikuwa karani wa forodha. Na ipo njia ya kupanda Amani, kwenye msitu wa Usambara ya Mashariki. Gesti ni za bei ya kwetu, machungwa yapo, mama ntilie yupo. Unataka nini tena? (Atakayependelea Korogwe, kwa ajili ya Handeni na Usambara ya upande wa pili, sitapigana naye.)

Sasa sikilizeni hili, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Mgeni anaamka alfajiri Muheza, anataka apande Amani, azunguke, jioni arudi kulala. Anafika stendi, anakuta gari la Amani ndo linaingia! Limeshuka, halipandi. Litapanda mchana. Mgeni anang'aka: nchi hii haina mpango!

Mpango upo, ila hukupangiwa wewe. Gari lile hulala mlimani kwa sababu wenyewe wako mlimani. Alfajiri linashuka na mama mwenye matenga ya ndizi, na mzee wa kiroba cha iliki, na mgonjwa anayewahi hospitali. Mchana linawarudisha na sukari na mafuta ya taa. Na njia hizi tangu zamani zinafuata mzigo. Reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Muheza 1896, na baadaye wakachepusha tawi mpaka Sigi kwa ajili ya magogo. Haikuwekwa ili mshairi akapunge upepo.

Kwa hiyo begi kubwa liache gesti, chukua dogo, panda na gari la mchana, ulale huko huko linakolala basi. Kesho yake tembea kutwa. Keshokutwa alfajiri shuka nao. Mji wa kuegemea ni wa kuachia begi. Ukiufanya wa kulala kila usiku, umejifunga kamba mwenyewe.

Mtaniambia: bodaboda je? Ipo, na inapanda. Utafika haraka, mfuko mwepesi, na ulichokiona njia nzima ni mgongo wa dereva. Mie kwenye gari la mchana nilibanwa na kiroba miguuni, na bibi mmoja akaniuliza naandika nini kwenye daftari. Nikamwambia hadithi. Akasema, "Basi mjukuu wangu, andika na bei ya iliki." Akanitajia ya mwaka jana na ya mwaka huu, akanitajia na jina la mnunuzi aliyemdhulumu. Hadithi hiyo ningeiokota wapi, kwenye kiti cha mbele cha gari la kukodi?

Hoja moja tu kikaoni ilinishika. Dada mmoja aliuliza: na mie, msichana, nishuke peke yangu kijijini jua likizama? Hapo sikuwa na mzaha. Twendeni wawili wawili, simu ipigwe mapema kwa mwenye nyumba ya kulala, na gari likichelewa sana kuondoka Muheza, tulale Muheza. Wakati wa masika, njia ikigeuka tope, tusipande kabisa. Hata hilo gari lenu la kukodi lingekwama.

Waliozomea wanaendelea kuchangishana pesa za gari. Mie Ijumaa nitakuwa stendi ya Muheza kabla ya adhuhuri, na daftari. Kuna nafasi ya mtu mmoja.