Muuza Tiketi Hawi Shahidi



Juzi tulikaa mashoga watano kwa bibi harusi wetu mtarajiwa, tunatafuta filamu ya kutazama pamoja kabla hajatolewa. Kila iliyotajwa, mmoja alikimbilia simu akafungua Rotten Tomatoes. "Hii ina tisini, tuiweke." "Hii arubaini, mbovu." Hakuna aliyesoma hata sentensi moja. Nilinyamaza siku ile, leo naomba niseme.

Tovuti ile ilianzishwa mwaka 1998 na Senh Duong, kijana wa California aliyekuwa shabiki mkubwa wa Jackie Chan. Alitaka kukusanya pahala pamoja maoni ya wahakiki kuhusu filamu anazozipenda. Ilikuwa kazi ya mapenzi, na kwa hilo sina ugomvi naye.

Lakini mwaka 2016 ilichukuliwa na Fandango. Kazi ya Fandango ni nini? Kuuza tiketi za sinema! Na waliokuwa nyuma yake ni NBCUniversal na Warner Bros., watengenezaji filamu wenyewe. Dada yangu, posa ikija kwenu, mtamuuliza nani tabia za mume? Mshenga aliyetumwa na upande wake? Mtamsikiliza kwa adabu, mtampa na chai, kisha mtatuma mtu kwa majirani.

Tena hiyo asilimia hatuielewi. Tisini si maksi. Maana yake wahakiki tisa katika kumi wameipitisha filamu, basi. Wote kumi wakisema "si mbaya, inapita", inapata mia kwa mia. Filamu iliyowatoa machozi watano na kuwachukiza watano inapata hamsini, na inahesabiwa imeoza, kwa sababu nyanya nyekundu inaanzia sitini.

Na mwaka 2023 jarida la New York la Marekani liliripoti habari za kampuni ya matangazo iliyokuwa ikiwalipa wahakiki wadogo dola 50 au zaidi kwa uhakiki mmoja. Ushahidi wa kununuliwa sisi tuna jina lake, na si jina zuri.

Mtaniambia hamna muda wa kusoma. Muda wa kukaa saa mbili mbele ya filamu mbovu mnao? Chini ya ile namba mna maneno ya watu. Someni mawili tu: la aliyesifu na la aliyeponda. Humo ndimo mtakapojua kama kuna jambo litakalokufanya uinamishe uso mbele ya mama mkwe. Namba haikwambii hilo, hata ikiwa mia.

Na nyinyi dada zangu mnaosimulia filamu mitandaoni, mkipewa tiketi ya bure, semeni mmepewa. Shabiki hana mtaji ila ukweli wake. Akishauuza, amebaki mpiga debe.