Pikipiki iliyolala isiwashwe kwa haraka

Kasongo, wakati wa mvua, barabara ya kwenda Kabambare inapogeuka matope, pikipiki ndiyo ambulansi ya wengi. Inasikitisha basi kuona mtu akitoa yake iliyolala miezi mingi na kuipiga kiki papo hapo, eti itawaka tu. Esansi iliyokaa sana huacha utandu kama gundi ndani ya kabureta, na matundu madogo ya kupitisha mafuta huziba. Injini inagoma, au mbaya zaidi, inazimika katikati ya msitu na mgonjwa nyuma. Esansi yote imwagwe, tangi likaguliwe kutu, kabureta isafishwe, oili ibadilishwe. Breki pia. Na esansi mpya ya chupa za barabarani ichujwe kwanza.