Anayepuliza Naye Atajwe
Wapo mabwana wanaodai kwamba Morogoro Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1944 katika mkoa wetu huu, haikustahili kujiita jazi. Eti ilikuwa dansi. Haya, na iwe dansi. Ugomvi wangu nao ni mwingine: saksafoni, lile domo la bata, hawalisikilizi.

Hapa Mamboya wazee watakusimulia gitaa la Mbaraka Mwinshehe, na ajali iliyomwua mwaka 1979. Waulize nani alipuliza nyuma yake, watanyamaza. Wangejuaje? Kwenye santuri mara nyingi liliandikwa jina la bendi na la mtunzi, basi.

Msikilize King Michael Enoch, "Ticha", katika kanda za Mlimani Park, bendi iliyoundwa mwaka 1978. Waimbaji wakishamaliza kisa chao, magitaa yakachanganya, saksafoni huingia na kujibu kwa maneno mafupi mafupi, kama mzee anayekata shauri barazani. Hapo ndipo watu huinuka vitini. Halafu mtu ananiambia hilo ni pambo! Manu Dibango wa Kameruni alipotoa "Soul Makossa" mwaka 1972, alijulikana duniani kwa jina lake. Watangazaji wetu nao wawataje wapulizaji wetu, kabla wimbo haujaanza.