Bendi Kuvunjika Si Kifo cha Muziki

Wanaoandika kwamba muziki wa Kisii na Nyamira umefifia kwa sababu bendi hazidumu wanakosea pakubwa. Bendi ikivunjika, muziki unaweza kuendelea. Simba Wanyika, kwa mfano, bendi ya ndugu Wilson na George Kinyonga kutoka Tanga, ilimegeka jijini Nairobi mwaka 1978. Omar Shabani na wenzake wakaondoka, wakaunda Les Wanyika pamoja na John Ngereza, na "Sina Makosa" ikatikisa Afrika Mashariki nzima. Simba Wanyika nayo ikaendelea kurekodi.

Kwa Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, hoja hiyo ya bendi kutodumu ni dhaifu zaidi. Obokano, ala yao ya nyuzi nane, hupigwa na mtu mmoja akiimba mwenyewe. Haijawahi kungoja bendi.

Wanaoulilia muziki huu wasilaumu kuvunjika kwa bendi; wadai kwanza wanamuziki walipwe mirabaha yao.