Insha Ambayo Mama Hakutaka Iandikwe

Ijumaa usiku, saa tatu na nusu, simu ilitoka Louisville. Binti wa darasa la kumi na moja, aliyezaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma na kufika Kentucky akiwa na miaka minane, alikuwa na insha ya Kiingereza ya kukabidhi Jumatatu asubuhi. Darasa lao lilikuwa limetazama The Good Lie, filamu ya 2014 kuhusu vijana wa Sudan waliotoka kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakapelekwa Kansas City. Swali la mwalimu lilikuwa hili: Je, uongo unaotajwa kwenye jina la filamu ni mzuri? Changanua jinsi filamu inavyomshawishi mtazamaji akubali jibu lake.

Alikuwa ameshaandika kurasa nne. Nikamwomba anisomee. Tulipofika ukurasa wa tatu, watoto wa kwenye filamu walikuwa bado wanatembea porini.

Huu ndio ugonjwa wetu, na wasomaji wa ukurasa huu mmenisikia nikiulalamikia. Tumelelewa na hadithi, paukwa pakawa, na msimulizi mzuri kwetu ni yule asiyeruka kitu. Kwa hiyo mtoto akiulizwa kuhusu filamu, anaianza mwanzo na kuimaliza mwisho, na jibu analibandika kwenye sentensi mbili za chini. Lakini mwalimu filamu ameshaiona. Hana haja ya kusimuliwa. Nilimwambia binti apige mstari chini ya neno “jinsi” kwenye swali, kisha atafute ndani ya kurasa zake nne sentensi zinazolijibu neno hilo. Akapata moja.

Kabla hatujaendelea, mama yake akachukua simu.

“Mwalimu, samahani kwa kukusumbua usiku. Huyu mtoto anataka kutuponza. Ataandikaje kwenye karatasi ya shule kwamba kudanganya mambo ya safari ni vizuri? Karatasi zinatembea.”

Kwa asiyeiona filamu: Theo na Mamere ni ndugu. Wakiwa watoto mafichoni kwenye majani marefu, Mamere anainuka na askari wanamwona. Theo anamwambia alale chini, anasimama yeye, anajifanya yuko peke yake, na wanamchukua. Miaka inapita, Mamere anafika Marekani bila kujua kama kaka yake yu hai. Baadaye anarudi Kenya, anampata Kakuma, anahangaika kumtafutia karatasi za safari na kukosa. Mwisho anamdanganya kwamba zimepatikana. Wakiwa uwanja wa ndege wa Nairobi anampa pasipoti yake mwenyewe, Theo anapanda ndege kwa jina la Mamere, na Mamere anabaki.

Sasa mwelewe mama. Katika familia yake ya watu sita, wanne wamezaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa waliulizwa mwaka tu na hakuna aliyejali siku. Kwa miaka waliitwa kwenye mahojiano, swali lile lile mara kwa mara, na ole wako jibu la leo lisipofanana na la mwaka juzi. Mtu aliyepita njia hiyo hawezi kuambiwa “ni kazi ya shule tu” akalala usingizi. Sikumcheka.

Nilimwambia kwamba swali halimuulizi binti angefanya nini, wala familia yao ilifanya nini. Linauliza filamu inafanya nini kwa mtazamaji. Hayo ni mambo mawili, na insha yenyewe ilikuwa imeyachanganya: kila palipotakiwa “filamu inadai” au “mwongozaji anatuweka upande wa Mamere”, binti alikuwa ameandika “mimi naona kudanganya ni vizuri”. Abadilishe. Mama atapumua, na insha pia itakuwa bora, maana mhakiki hatoi ushahidi mahakamani, anaonyesha kitu kilivyojengwa.

Nikaongeza jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Walimu wa huku, tena wenye moyo mzuri, huwaambia watoto wetu, “Andika kutokana na uliyopitia.” Huo ni mwaliko. Mwaliko unaweza kuukataa kwa adabu.

Mtihani wa aina hii hauko Louisville peke yake. Huko Columbus kijana mmoja alipewa Queen of Katwe, filamu ya Mira Nair ya 2016, aeleze mchezo wa sataranji unabeba maana gani. Akaandika aya mbili za historia ya Uganda alizookota kwenye intaneti. Jibu lilikuwa limekaa mbele ya macho yake: Gloria, mtoto mdogo, anamfundisha Phiona kwamba kwenye mchezo huu kale kadogo kabisa kanaweza kufika mwisho wa ubao kakawa malkia. Aanzie hapo, amfuate Phiona anayeuza mahindi barabarani, insha inajiandika. Na Buffalo, ambako wanafunzi wanafanya mtihani wa Kiingereza wa jimbo la New York, kuna sehemu inayomtaka mtahiniwa ataje wazo kuu la andiko na aonyeshe mbinu moja tu ya mwandishi inavyolijenga, aya mbili au tatu basi. Binti mmoja wa huko alitaja mbinu tano. Alidhani wingi ni heshima, kama sahani za harusini.

Turudi Louisville. Jumamosi tulikaa kwenye simu saa mbili, na sikumwandikia neno. Nilimuuliza tu: kwa nini, uwanja wa ndege ule ulipofika, ulitaka Mamere afanikiwe? Akafikiri. Akasema ni kwa sababu ya yale majani. Theo alidanganya kwanza. Tangu mwanzo wa filamu kuna deni, na mtazamaji anakaa karibu saa mbili akisubiri lilipwe. Hapo nilijua insha imepatikana. Deni ndiyo mbinu ya kwanza. Ya pili akaiona mwenyewe: kabla ya safari ya kurudi, Mamere yuko darasani akijadili Huckleberry Finn, pale Huck anapowadanganya wasaka watumwa ili kumwokoa Jim. Filamu inauleta uongo kwanza kwa mkono wa kitabu cha shule, ukiwa umeshasafishwa, halafu ndipo inautumia.

Nilitaka aongeze lile onyesho la Jeremiah dukani, anapoacha kazi kuliko kutupa chakula huku wenye njaa wapo. Akakataa. Akasema ni zuri lakini halijibu swali. Nilinyamaza, maana alikuwa sahihi. (Lile la simu inayolia na vijana kuikodolea macho sikulitaja. Binti alilicheka. Mama yake aliondoka sebuleni.)

Kisha akatoa hoja ambayo sikumpa mimi. Alisema filamu ya Falardeau inashinda kwa kuwa uongo ule haumuumizi mtu ila Mamere mwenyewe, aliyejitolea. Kamera haigeuki kutazama foleni. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 Marekani ilisimamisha kwa muda kupokea wakimbizi. Kambini walikuwepo watu waliokwisha kuitwa majina wakakaa na mabegi yao. Filamu ikituonyesha mmoja wa hao, alisema, tusingepiga makofi haraka vile. Hilo amelijua kwa kuishi Nyarugusu, si kwa kusoma. Lakini aliliandika kama hoja ya filamu: kipi kimeachwa nje, na kuachwa kwake kunatusukuma wapi. Jina la kambi yake halimo popote kwenye insha.

Jumapili jioni nikamwomba amsomee mama yake, aya moja moja, kwa Kiswahili. Nilikuwa kwenye spika. Alikwama mara nyingi. Kiingereza chake cha shule hakina ndugu kwenye Kiswahili cha nyumbani, na neno “mbinu” alilitafuta mpaka nikamsaidia. Mama hakukatiza. Walipomaliza kukawa kimya, nikasikia sufuria ikiondolewa jikoni.

Halafu mama akauliza: “Na yule aliyesafiri kwa jina la mwenzake, huko alikofika watamwita nani? Akioa, akizaa, watoto watabeba jina la nani?”

Binti hakujibu. Nilisikia vidole vikigonga kibodi. Dakika kumi baadaye akanisomea aya mpya ya mwisho: kwamba filamu inamwacha Theo pale ndugu wanapompokea, yaani pale uongo unapoacha kuwa zawadi na kuanza kuwa maisha ya kila siku, na kwamba kumwacha hapo nako ni kushawishi.

Mama alitaka kujua kama jina lake limeandikwa mahali. Halikuandikwa. Akasema basi, ipelekwe.

Imekabidhiwa Jumatatu. Alama bado hazijatoka.