Sauti za Kinanda cha Kanisa

Ukipanda Namirembe utakuta kanisa kuu lililoungua kwa radi mwaka 1910, likajengwa tena kwa matofali na kumalizika mwaka 1919. Humo mna kinanda cha mabomba. Kinanda cha namna hiyo hupumua: mvukuto hukusanya upepo, mpigaji akibonyeza kibao, bomba hulia. Bomba la wazi la futi 8 hutoa sauti nzito. La futi 4, sauti iyo hiyo, oktava moja juu.

Ngozi ya mvukuto ikipasuka hubadilishwa. Hapo hapana ubishi. Ubishi huzuka fundi atakapo kugeuza sauti zenyewe. Akiukata mdomo wa bomba kwenda juu, sauti hulainika, lakini bati na risasi iliyokatwa hairudi. Mimi humwogopa fundi mwenye haraka kuliko mchwa. Yafaa wazee wasikilize kwanza bomba moja la majaribio, tena kanisa likiwa limejaa, kwa maana nguo na miili hunywa sauti. Na mabomba yalinganishwe katika joto lile lile la saa ya ibada, kwani joto huyapandisha sauti.