Mtoto akiandika yaliyo moyoni, mzazi asome vipi?

Mwaka 1995, Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia wa Marekani na profesa wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alifanya jambo alilolihofia kwa miaka mingi. Aliandika kitabu na kukiri kuwa ugonjwa anaoufundisha, anao yeye mwenyewe.

Kitabu hicho, An Unquiet Mind, kinasimulia maisha na baipola, ugonjwa unaompandisha mtu kwenye nguvu na furaha zisizo za kawaida, kisha kumshusha kwenye sonona. Akiwa juu, Jamison hakulala na alinunua vitu ovyo, vikiwamo vifaa 12 vya kumtibu aliyeumwa na nyoka. Madeni yalipomfika shingoni, kaka yake ndiye aliyemsaidia kuyalipa. Akiwa chini, alijaribu kujiua. Dawa ya lithiamu ilimtuliza, lakini aliwahi kuiacha kwa kuzitamani zile siku za juu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa na ugonjwa huu. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au miaka ya mwanzo ya 20, yaani mtoto akiwa sekondari au chuoni.

Tatizo ni kwamba wengi huenda hospitali wakiwa chini tu. Siku za juu mgonjwa anajiona mzima, na nyumbani wanasema "leo amechangamka". Daktari akisikia habari za huzuni pekee, anaweza kudhani ni sonona ya kawaida. Dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mwenye baipola, zinaweza kumpandisha zaidi.

Hapo ndipo daftari linaposaidia. Kila jioni mtoto aandike mistari michache: amelala kwa saa ngapi, moyo ukoje, ametumia fedha kiasi gani, amemeza dawa au la. Mzazi naye aandike alichokiona. Sentensi kama "Mama, nimelala kwa saa mbili tu na sijachoka kabisa" inamweleza daktari mengi kuliko kumbukumbu ya mwezi mzima.

Lakini kusoma nako kuna adabu yake. Mkubaliane mapema kurasa zipi ni za wote na zipi ni zake peke yake, wala usizichungulie za siri. Usisahihishe mwandiko. Usiyapeleke kwa shangazi wala kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Usijibu kwa "mbona wenzako wana shida kubwa zaidi?" Inatosha kuandika chini yake: "Nimesoma, mwanangu. Kesho nikusaidie nini?"

Siri ina mpaka. Akiandika kuwa amechoka kuishi, anaaga, au wenzake watapumzika asipokuwapo, usisubiri. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu mahali anapoweza kuzifikia, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huduma za afya ya akili zinapatikana Mirembe mkoani Dodoma, Muhimbili jijini Dar es Salaam, na katika hospitali za rufaa za mikoa. Kama ziko mbali, anzia kituo cha afya kilicho karibu.

Daftari halichukui nafasi ya dawa. Anayetumia lithiamu anahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa ikizidi mwilini inadhuru, na asiiache ghafla bila kumuona daktari hata akijisikia amepona. Nalo daftari aende nalo kliniki kila anapokwenda.

Halihitaji gharama. Hata lile la shule lililobaki kurasa linatosha, mradi anayeandika ajue kuna mtu nyumbani anayemsoma bila kumhukumu.